Kuuguza mguu nyumbani baada ya kuungwa kifundo

Kifundo cha mguu kilichosagika, kiwe kiliharibiwa na ajali ya bodaboda ya miaka mingi nyuma, na baridi yabisi, au na kifua kikuu cha viungo, hufika mahali kila hatua inachoma. Dawa zikishindwa, daktari bingwa wa mifupa hukifunga kabisa. Hukwangua gegedu lililobaki kati ya mfupa wa muundi na mfupa wa talasi ulio juu ya kisigino, hukutanisha mifupa mitupu, kisha huikaza kwa skrubu mbili au tatu nene, au kwa bamba la chuma, ili ishikane na kuwa mfupa mmoja. Kifundo kilichoungwa hakikunjiki tena, na kwa kuwa hakikunjiki, hakisagani.

Kazi ya daktari huchukua saa mbili tatu. Kazi ya mfupa huchukua wiki 10 hadi 14 au zaidi, nayo hufanyika nyumbani. Aliyewahi kujenga ataelewa upesi: skrubu si zege, skrubu ni mbao zinazolishikilia zege mpaka likauke. Zege lenyewe ni mfupa mpya. Ukilikanyaga bichi, hata mbao ziwe imara namna gani, litapasuka ndani. Na chuma kinachotikiswa kila siku kabla mfupa haujashika hulegea au hukatika, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja.

Shida ni kwamba maumivu hupungua sana ifikapo wiki ya tatu au ya nne, ilhali mfupa huunga kati ya wiki ya 10 na ya 14. Katikati ya hapo mgonjwa hujiona amepona, akaanza kukanyaga. Karibu kila tahadhari iliyomo humu imewekwa kwa ajili ya kipindi hicho.

Muda tunaoutaja ni wa kawaida kwa mtu mzima aliyewekewa vyuma vya ndani. Aliyefungiwa fremu ya chuma kwa nje ana maelekezo tofauti, hasa ya kusafisha matundu ya vyuma. Daktari aliyekupasua ameuona mfupa wako kwa macho. Akikupa tarehe tofauti na zetu, fuata zake.

Nyumba iandaliwe kabla ya siku ya upasuaji

Utarudi nyumbani siku moja hadi nne baada ya upasuaji ukiwa na mguu mmoja wa kusimamia. Godoro la chini halifai, kwa sababu kuinuka sakafuni kwa mguu mmoja ndiko kunakowaangusha watu. Tafuta kitanda ambacho ukikaa pembeni yake nyayo zinafika chini na magoti yanakunjika sawa, kwa wengi ni kimo cha sentimita 45 hadi 50. Kama chumba chako kiko ghorofani, hamia chini kwa wiki sita.

Toa mikeka, mazulia na vitambaa vya kufutia miguu kwenye njia ya kitandani, chooni na sebuleni. Nyaya za runinga na chaja zisikatize njia. Sakafu ya vigae au ya saruji iliyong'arishwa ikiwa na tone la maji ni hatari kwa magongo kuliko matope ya uani, kwa hiyo wekeni tambara la kupangusia karibu na mlango wa bafu, na watoto waambiwe.

Choo ndicho kinachosumbua zaidi, na ni ajabu kwamba hospitalini hakitajwi sana. Choo cha kuchuchumaa hakitumiki kwa mguu mmoja. Watu wengi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki, lakini kiti chepesi kikikatwa katikati hupoteza nguvu, na miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji. Afadhali fundi seremala atengeneze kiti cha mbao cha kimo cha sentimita 45, chenye tundu la upana wa sentimita 20 hadi 25, miguu minne iliyounganishwa kwa mbao za chini, na vipande vya mpira wa tairi vipigiliwe kwenye nyayo zake. Kiwekwe juu ya shimo, na ukutani upande wa mkono wenye nguvu lifungwe bomba au ubao wa kushika. Usishike bomba la maji wala ndoano ya taulo. Havikuwekwa vibebe mtu. Kwa usiku, kuwe na ndoo yenye mfuniko au kopo la haja ndogo kando ya kitanda, kwa wiki mbili za mwanzo angalau.

Na hili lifikiriwe hata kabla ya kusaini fomu: mguu ulioungwa hautachuchumaa vizuri tena maisha yote, maana kuchuchumaa na kisigino kikiwa chini kunahitaji kifundo kinachokunjika. Kiti hicho cha choo kijengwe kwa nia ya kudumu.

Jifunze magongo kabla ya upasuaji, ukiwa bado na miguu miwili. Gongo la kwapani liishe vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na mkono ukishika kishikio kiwiko kikunjike kidogo tu. Uzito wote hubebwa na viganja. Anayejining'iniza kwa kwapa huminya mishipa ya fahamu, na baada ya siku kadhaa huanza kuhisi ganzi mkononi au kiganja kushindwa kuinuka. Angalia kofia za mpira za ncha: zikilika mpaka michirizi ipotee, nunua nyingine siku hiyo hiyo. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kisha magongo yakiwa pamoja na mguu uliopasuliwa. Kushuka, magongo hutangulia, mguu mzima hufuata. Mzee asiye na nguvu za mikono atumie fremu ya kutembelea au kiti cha magurudumu. Hakuna aibu yoyote hapo.

Siku 14 za kwanza: mguu juu

Siku za mwanzo kazi yako ni moja, kuzuia uvimbe. Mguu ukivimba ndani ya plasta, ngozi hukazika, mshono huachana, na kidonda kilichoachana juu ya chuma ni mlango wa vijidudu kufika kwenye mfupa. Kipimo cha kukumbuka: vidole vya mguu viwe juu ya pua. Kuuweka mguu kwenye stuli ukiwa umekaa hakutoshi, kwa sababu mguu bado uko chini ya moyo. Lala chali, panga mito mitatu minne kuanzia nyuma ya goti hadi shavu la mguu, na uache kisigino kikining'inia bila kugusa kitu. Kisigino kinacholalia plasta saa nyingi hufanya kidonda, na huwezi kukiona mpaka plasta itolewe. Mito ikiteleza usiku, weka matofali mawili ya kuchoma, moja chini ya kila mguu wa kitanda wa upande wa miguuni, ili kitanda chenyewe kiinamie kichwani.

Katika kila saa moja, dakika 50 mguu uwe juu. Dakika 10 zilizobaki ndizo za chooni na kula. Ukiushusha utahisi damu ikishuka kwa kishindo, mguu unapwita na vidole vinakuwa vyekundu au zambarau. Hiyo ni kawaida ikiwa rangi hurudi ndani ya dakika chache baada ya kuuinua tena.

Maumivu yana saa yake. Ganzi iliyopigwa mguuni hudumu kati ya saa 12 na 24, kisha huisha, mara nyingi usiku, na aliyekuwa akicheka na wageni hujikuta analia. Kidonge cha kwanza kinywewe kabla ganzi haijaisha. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi na ini zima, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Hivyo ni vidonge 8 kwa siku, na visizidi hapo. Dawa kali kama tramadoli au kodeini, ukiandikiwa, huongezwa juu ya parasetamoli kwa siku chache. Hufunga choo na kuleta kizunguzungu. Kunywa maji ya kutosha, kula papai, mboga za majani na dona, na usiinuke kwenda chooni peke yako nusu saa baada ya kuinywa. Pombe isiguse dawa hizi.

Diklofenaki na ibuprofeni ziko kila duka la dawa, na jirani mwema atakuletea. Madaktari wengi wa mifupa huzikataza katika wiki za mwanzo, kwa kuwa zinazima uvimbe wa ndani ambao ndio hatua ya kwanza ya mfupa kuunga, na zikichanganywa na dawa ya kuzuia damu kuganda zinaweza kuleta damu tumboni. Wapo madaktari wanaoziruhusu kwa siku chache. Uamuzi huo uwe wao, si wa muuza duka. Soma pia nyuma ya pakiti: vipo vidonge vya mchanganyiko vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja, na anayevinywa juu ya parasetamoli yake huzidisha dozi bila kujua.

Mtu anayelala na plasta wiki nyingi yuko katika hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya shavu la mguu. Ndiyo sababu wengine huandikiwa sindano ya enoksaparini, mara nyingi miligramu 40 mara moja kwa siku, ya kujichoma wenyewe tumboni. Kaa, bana ngozi ya tumbo umbali wa vidole vitatu hivi kutoka kitovuni, ingiza sindano yote wima, sukuma taratibu, toa, kisha achia ngozi. Usitoe kile kipovu cha hewa kilichomo kwenye sindano iliyojazwa kiwandani, na usisugue baadaye, maana kusugua huleta alama nyeusi. Leo upande wa kulia, kesho kushoto. Sindano zilizotumika zikae kwenye chupa ngumu ya plastiki na zirudishwe hospitali. Uwe na sindano au usiwe nazo, kunja na kunjua vidole na goti mara 10 kila saa ukiwa macho.

Anayekuuguza akague vidole asubuhi, mchana na usiku. Abonyeze ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, aachie: wekundu urudi ndani ya sekunde mbili, sawa na mguu wa pili. Aguse vidole akuulize kama unahisi. Vikiwa vya baridi, vya bluu au vyenye ganzi isiyoisha, au maumivu yakizidi ingawa mguu uko juu na dawa umekunywa, au ukipiga kelele mtu anapokunyoosha kidole taratibu, plasta imekaza au shinikizo limepanda ndani ya misuli. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo plasta ikapasuliwe, kwa sababu misuli iliyokosa damu huanza kufa katika saa chache.

Plasta na kidonda

Plasta ya kwanza huwa nusu, upande wa nyuma tu, ikifungwa kwa bandeji ili kuacha nafasi ya uvimbe. Nyuzi hutolewa karibu siku ya 14, ndipo plasta gumu kamili, ambalo Tanzania wengi huliita hogo, linapofungwa. Bandeji ya kwanza isifunguliwe nyumbani ili "kuona kidonda kinaendeleaje". Doa la damu iliyokauka kwenye bandeji siku mbili za mwanzo ni kawaida. Lizungushie alama kwa kalamu na uandike saa. Likivuka alama na kuendelea kukua, piga simu wodini.

Plasta lisiingie maji. Hata lile la nyuzi za kioo, ambalo nje halidhuriki, ndani lina pamba inayonyonya maji na kuozesha ngozi. Wakati wa kuoga kaa kwenye kiti imara, weka mguu juu ya ndoo iliyogeuzwa au stuli nje ya eneo la maji, uvae mifuko miwili ya plastiki mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukifungwa kwa kitambaa juu ya goti bila kukaza. Ndoo ya maji ya kuoga iwekwe juu ya stuli, usawa wa mkono, usiwe unainama. Plasta likilowa, rudi likabadilishwe. Kulianika juani hakukaushi pamba ya ndani.

Kuwasha kutakuja, kukali, hasa msimu wa joto. Usiingize njiti, sindano ya kufumia wala spoku ya baiskeli. Mkwaruzo mdogo humo ndani hugeuka kidonda chenye usaha kisichoonekana. Gonga plasta kwa nje kwa kiganja, au elekeza feni kwenye mdomo wake.

Baada ya nyuzi kutoka, kidonda kikavu hakihitaji kitu. Tabia ya kufungua kapsuli ya amoksilini na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda iachwe: unga hukauka kuwa gamba, na usaha hukaa chini yake bila kuonekana. Majani, asali ya kienyeji, mafuta ya taa na majivu visifike hapo kabisa. Harufu mbaya kutoka kwenye plasta, unyevu unaotokeza nje, au homa ya nyuzi 38 na zaidi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Shavu la mguu wowote likivimba na kuuma, nenda ukapimwe. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, au ukikohoa damu, hiyo ni dharura: bonge la damu linaweza kuwa limefika kwenye mapafu.

Wiki ya tatu hadi ya sita: kipindi cha udanganyifu

Sasa hauumi sana, umechoka kitanda, na wageni wanakuambia unaonekana mzima. Usikanyage. Hata kugusa chini kidogo ili kusawazisha mwili ufanye tu kama daktari ameruhusu kwa kauli yake. Wanaoharibu kazi kwa kawaida si wale wanaotembea makusudi. Ni yule aliyeinuka usiku bila magongo akashtuka akakanyaga, au mama aliyewahi sufuria inayofurika jikoni. Kwa hiyo magongo yalale yakiegemea kitanda upande unaoshukia, taa au tochi iwe mkononi, na jiko apewe mtu mwingine. Chai, dawa na simu zibebwe kwenye begi la mgongoni au mfuko wa kuning'iniza shingoni, kwa sababu mikono haitakuwa huru.

Kukandwa ni upendo wa nyumbani kwetu, na ndiyo maana ni vigumu kuukataa. Bibi au mkandaji akija na maji ya moto na mafuta, mshukuru, mwambie mguu huu umefungwa vyuma na mfupa bado ni laini. Kukandwa huuchezesha mfupa unaotaka utulivu, huunguza ngozi ambayo bado ina ganzi kuzunguka mshono, na kama kuna bonge la damu kwenye shavu, kusugua kunaweza kulisafirisha. Vivyo hivyo kwa mtaalamu wa fiziotherapia ambaye hakusoma faili lako: ukiona anataka kukikunja kifundo, mwoneshe barua ya upasuaji. Kifundo hiki hakifanyiwi mazoezi ya kukunjika, leo wala kesho.

Mazoezi yanayofaa ni ya juu na chini ya kifundo. Ukiwa chali, kaza msuli wa paja ukibonyeza goti kitandani, hesabu hadi tano, achia, mara 10. Inua mguu mzima ukiwa umenyooka, kimo cha shubiri mbili, ushushe polepole. Mara 10, awamu tatu kwa siku. Lala ubavu na uinue mguu kwenda pembeni. Paja linalolala wiki sita hunyauka, na siku ya kuanza kukanyaga goti ndilo litakalokuangusha.

Sigara, ugoro, kuba (tumbaku ya kuweka mdomoni) na shisha zote zina nikotini, na nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa mpya. Katika mambo yaliyo mikononi mwa mgonjwa, hili ndilo linalochangia zaidi mfupa kukataa kuunga. Kupunguza hakutoshi. Acha kabisa, ikiwezekana wiki kadhaa kabla ya upasuaji, mpaka eksirei ioneshe mfupa umeshika. Mwenye kisukari naye apime sukari kila siku, na kama miguu yake ilikuwa na ganzi tangu zamani, asishangae daktari akimwongezea muda wa kutokanyaga hata mara mbili. Mguu usiohisi maumivu haukupi onyo.

Chakula: supu ya kongoro inaletwa kwa nia njema na inaleta hamu ya kula, lakini mchuzi wake una kalisi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa au mtindi, mayai, maharage na mchicha ndivyo vinavyojenga. Anayeshinda ndani ya nyumba akae uani au barazani juani kidogo kila siku, kwa ajili ya vitamini D; wanaofunika mwili wote, na wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini wakati wa baridi, waulize kama wanahitaji vidonge vyake.

Anayeswali aswali kwenye kiti, mguu ukiwa umenyooshwa. Plasta halivuliwi kwa ajili ya udhu. Wanazuoni wameruhusu kupangusa juu yake kwa mkono uliolowa, na maelezo zaidi atayapata kwa sheikh wake. Mwambie tu kwamba maji hayatakiwi kumiminwa.

Safari za kliniki zifanyike kwa bajaji au gari, si bodaboda. Kwenye bajaji chukua kiti chote cha nyuma, mgongo uegemee upande mmoja na mguu ulale juu ya kiti. Kama kwenu ni mkoani na basi ni la saa kumi, ni bora kukaa kwa ndugu karibu na hospitali mpaka nyuzi zitolewe, kuliko kusafiri na mguu unaoning'inia siku ya tatu. Usiendeshe gari mguu ukiwa na plasta au buti.

Kuhusu kazi, omba cheti cha mapumziko mapema. Wa ofisini anaweza kurudi kati ya wiki ya pili na ya sita akiruhusiwa kuinua mguu. Wa kusimama, kama mwalimu au muuza duka, ahesabu miezi mitatu hadi minne. Wa jembe au ujenzi, minne hadi sita. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kima cha chini cha siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika miezi 12, kwa hiyo Mkenya asome mkataba wake na azungumze na mwajiri kabla hajalazwa.

Baada ya wiki ya sita: kilo kwa kilo

Kliniki ya wiki ya sita ina eksirei. Mambo yakienda vizuri, plasta hutoka na unapewa buti refu la kutembelea. Mguu utauona mwembamba, wenye nywele na ngozi inayobanduka. Uoshe kwa maji ya vuguvugu, upake mafuta, usiusugue.

"Kanyaga kidogo" haimsaidii mtu, kwa hiyo tumia mizani ya kupimia uzito. Iweke sakafuni, na kando yake weka ubao au vitabu vya kimo kile kile. Vaa buti, simama mguu mzima ukiwa kwenye ubao na buti likiwa kwenye mizani, magongo mkononi, kisha egemea polepole mpaka mshale usome kiwango ulichopewa. Rudia mara kadhaa mpaka mwili ukariri uzito huo bila kuangalia. Kwa mtu wa kilo 70, mpango wa kawaida ni kuanza na kilo 15 hadi 20 na kuongeza kama kilo 10 kila wiki. Uzito ukikaribia kamili, acha gongo moja, na lile linalobaki lishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hulishika upande mbovu, wakawa wanaulemea mguu ule ule wanaoulinda.

Mguu kuuma na kuvimba jioni ni kawaida. Ukiamka asubuhi bado umevimba na unauma kama jana, umezidisha: rudi kwenye kilo za wiki iliyopita kwa siku tatu nne. Buti huinua upande mmoja, kwa hiyo mguu wa pili uvae kiatu cha soli nene, la sivyo kiuno kitaanza kuuma kabla ya wiki kuisha.

Buti halivuliwi kwa kuhesabu siku. Huvuliwa eksirei ikionesha mfupa umevuka mstari wa kiungo, mara nyingi wiki ya 12 au baadaye. Ikiwa daktari ana shaka, kipimo cha siti skani huonesha vizuri zaidi. Maumivu ya ndani kabisa yanayoongezeka unapokanyaga baada ya mwezi wa tatu au wa nne, joto lisiloisha, au kitu kinachosogea ndani, ni dalili kwamba mfupa haujashika. Nenda mapema, skrubu isiyokatika ni rahisi kuirekebisha kuliko iliyokatika.

Kiatu

Kifundo kikiwa kimefungwa kwenye pembe ya digrii 90, ukitembea pekupeku utahisi mguu unagota kila unapotaka kupeleka goti mbele. Kiatu ndicho kinachofanya kazi ya kifundo sasa. Kiwe cha kufungwa kwa kamba, kisigino cha sentimita 1 hadi 2, na soli ngumu iliyopinda kama chini ya mtumbwi, ili mguu uviringike badala ya kukunjika. Fundi viatu mzuri anaweza kuitengeneza: anaongeza tabaka la mpira mgumu chini ya soli, nene zaidi nyuma kidogo ya pale vidole vinapoanzia, kisha analipunguza kuelekea kwenye ncha na kuelekea kisiginoni. Viatu vyote viwili viongezwe kimo sawa. Ukihitaji cha kupimwa kitaalamu, ulizia karakana ya viungo bandia katika hospitali kubwa. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa kazi hiyo.

Kandambili ziache mwaka mzima wa kwanza. Zinataka vidole vizishike, na mguu usiokunjika hauwezi kujirekebisha zikiteleza. Mlimani panda kwa hatua fupi, na kushuka geuka ubavu kidogo. Uvimbe wa jioni utaendelea miezi 6 hadi 12. Soksi za kubana zinazovaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani husaidia. Vyuma havitolewi isipokuwa vinachoma ngozi, vimelegea au vimepata vijidudu. Shavu la mguu huo litabaki jembamba kuliko la pili, hata ukifanya mazoezi yote.